Maagizo Yangu kwa Kipa wa Shimalwa

Jumapili, 2 Novemba 2025

Tumefungwa nne bila. Nyumbani! Wiki iliyopita tuliwachapa vinara wa ligi kwao, leo tunafungwa na timu ya mkiani. Hiyo ndiyo timu ya mpira wa magongo ya Chuo cha Shimalwa, chuo changu. Haitabiriki hata kidogo. Naipenda vibaya sana.

Kipa wetu ni Bella, mtoto wa dada yangu Edith. Damu yangu! Jana nilimtumia ujumbe wa sauti kutoka hapa Doha: simama katikati ya goli, usisogee. Mimi ni mlinzi wa jengo West Bay, mwaka wa sita sasa, na sijawahi kuacha lindo. Goli ni mlango tu. Anasema alifuata neno kwa neno. Basi tatizo ni mabeki.

Jumatano, 5 Novemba

Gerishon, tunayelala naye chumba kimoja Al Mansoura, amecheka mpaka akamwaga chai. Yeye alisoma Karuthiri, mahasimu wetu. Amesema Shimalwa ni kama lifti ya jengo letu, leo juu, kesho chini. Nimemwambia lifti angalau hufika juu. Akaenda kufua soksi.

Jumapili, 9 Novemba

Ushindi! Mbili kwa moja, ugenini! Nilipiga kelele mapokezini, wageni wakageuka. Msimamizi wetu Paul, Mganda mpole, aliniona kwenye kamera akaja mbio kuuliza nani amenivamia. Nilimweleza kwamba jana nilimtumia Bella jumbe tano za maagizo na haya ndiyo matunda yake. Akaniandikia onyo. Wivu.

Ijumaa, 14 Novemba

Habari mbaya tukitoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Edith ameandika kwamba chuo kimetangaza: tukishuka daraja, timu inavunjwa. Bella amelia usiku kucha. Alichagua chuo kile kwa sababu ya magongo tu. Nimeumia kweli, hata biriani yangu nimempa Gerishon.

Gerishon akanipa pole, halafu akaharibu kwa kusema labda ni heri. Nikapandwa na hasira, tukawekeana dau. Mechi yetu ya mwisho ni dhidi ya Karuthiri, kwao. Timu yake ikishindwa, ataimba kwaya Ijumaa akiwa na jezi yetu. Yangu ikishindwa, nitaimba na yao. Mbele ya Wakenya wote!

Jumapili, 16 Novemba

Tatu bila, nyumbani. Nilimsisitizia Bella asisogee hata nyuki akimuuma. Hakusogea. Mtoto mtiifu sana. Mabeki hawa wananimaliza! Sasa ni lazima tuishinde Karuthiri, sare haitoshi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimerekodi jumbe tisa nikiwa kwenye choo cha wafanyakazi. Nimemfundisha kila kitu: miguu pamoja, macho mbele, mtu akija asimfuate, amsubiri mlangoni. Paul amegonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Jumapili, 23 Novemba

Moja bila! TUMEBAKI!

Edith ametuma video ya dakika ya mwisho. Mshambuliaji wa Karuthiri amebaki peke yake na kipa. Bella anatoka! Ameacha lindo! Nimeifokea simu arudi golini, ingawa mechi ilikwisha kitambo. Amejitupa miguuni pa yule msichana, mpira ukaenda nje, filimbi ikalia. Nimelia mbele ya Gerishon na sioni haya. Hakuna kipa kama huyu Kenya nzima.

Ijumaa, 28 Novemba

Gerishon ameimba akiwa na jezi yangu ya chuo, imembana tumboni. Nimempiga picha kila ubeti.

Kisha ukaja ujumbe wa Bella. Anasema mimi mjomba wake nisikasirike, lakini wakisafiri, Kocha Charity hukusanya simu zote hadi mechi iishe. Kwa hiyo jumbe zangu huzisikia kabla ya mechi za nyumbani peke yake, na hizo huzifuata zote.

Nimepiga hesabu ndani ya basi. Ushindi wetu wote msimu huu ni wa ugenini. Vipigo vyote ni vya nyumbani. Nimerudia tena, jibu ni lile lile. Nimeshangaa sana: kumbe ugenini wanacheza bila mwongozo wowote, wanaponea kwenye bahati tu! Hatari iliyoje.

Edith amenipa namba ya Kocha Charity, shingo upande. Kuanzia sasa maagizo yatapitia kwake, yafike timu nzima. Nimeanza na mabeki: kila mmoja achague mahali pake na asibanduke.