Maji ya Kivuli

Jua la Phoenix halina adabu. Lilimla Wendell Krupke uso mzima, mchana kweupe, kwenye benchi la kituo cha basi, wala hakuna aliyepiga kelele. Lilianza na wekundu wa mashavu, likafuata umanjano, likabakiza bluu peke yake. Muuza nyumba mashuhuri wa mtaa akawa anatabasamu kwenye stika yake ya tangazo pale benchini kama maiti aliyefurahia kufa.

Rigo Balderas alipomwona, moyo ulimjaa huruma. Huruma ya Rigo, kwa wasiomjua, ilikuwa na kawaida ya kuondoka na mali ya mtu.

Tena siku hizo alihitaji gari kwa kufa na kupona. Doña Socorro, mwenye gari la kuuzia taco, zile chapati za Kimeksiko zilizokunjwa na nyama, alikuwa akimsaka mji mzima. Rigo alimuuzia Maji ya Kivuli, dawa ya kunyunyizia picha zisipauke, na pilipili nyekundu zilizochapwa ubavuni mwa gari lake zikageuka bluu kabla chupa haijaisha. Wateja wakaanza kuuliza kama nyama imeoza. Bila gari Rigo asingeweza kumkimbia hadi jimbo jirani la New Mexico, na kwa miguu jua lingemkaanga kabla mama yule hajapata zamu yake.

Basi akaingia ofisini kwa Krupke, kichwa kainamisha.

"Shikamoo, Bwana Krupke. Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wako. Nimekuona kituoni."

"We kijana una wazimu? Mimi mzima."

"Wewe mzima, ila mteja anamwona marehemu. Nani atanunua nyumba kwa marehemu?"

Krupke akavua kofia yake pana, akaivaa tena. Rigo akaweka chupa mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mzee akaifungua, akanusa.

"Mbona inanukia nazi?"

"Nazi inakaa juani maisha yake yote, mzee. Umeshaona nazi iliyopauka?"

Ukweli, ambao Rigo hakuwa na haja nao, ni kwamba picha hukingwa kwa kuvalishwa plastiki angavu palepale inapochapwa, kabla haijaonja jua. Rangi ikishatoka imetoka. Chupani mlikuwa na mafuta ya watoto ya kuzuia jua yanayonukia nazi, sabuni ya vyombo, na maji ya bomba mengi kuliko vyote.

"Nipe chupa zote," Krupke akasema. "Na yule mshindani wangu Peggy Lindqvist usimuuzie hata tone. Abaki bluu vilevile. Sasa, taslimu sina, ila lile gari jekundu uani limenichosha. Lichukue na kadi yake."

Rigo aliuma ulimi asicheke. Gari lenyewe lilikuwa limebandikwa stika za Krupke kila upande: kofia, jina, namba ya simu kubwa. Lakini stika ni stika, hubanduliwa.

Akaliegesha nyuma ya waosha magari, akaazima draya ya nywele, akapasha na kuvuta. Zilitoka kama ganda la ndizi mbivu. Alikuwa anapiga mluzi. Aliporudi nyuma hatua chache ajionee kazi yake, mluzi ukakata.

Jua lilikuwa limelipausha gari lote miaka nenda rudi, wekundu ukawa waridi wa nguo za kichanga. Ila pale zilipokuwa stika, rangi ilikuwa mbichi kama ya dukani. Kofia ilikuwepo, jina lilikuwepo, namba ilikuwepo, na sasa hapakuwa na cha kubandua. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, mwisho akamwagia Maji ya Kivuli. Gari likatakata, na maandishi yakazidi kusomeka.

Akampigia Krupke. Namba hakuitafuta, ilikuwa mbele ya macho yake.

"Mzee, gari lako lina jina mpaka kwenye rangi!"

"Mwanangu, ukitoa picha iliyokaa ukutani siku nyingi, unaona nini?"

Rigo akaligeukia gari.

"Unaona palipokuwa na picha. Nimeuza nyumba maisha yangu yote, nisijue hilo? Kimbilia unakotaka, unanitangaza bure. Mimi chakula cha mchana nakula kwa Doña Socorro, alishaniambia habari za kijana anayenukia nazi. Na sasa hivi kuna mteja kanipigia kuulizia nyumba. Namba kaiona nyuma ya waosha magari. Nimeshamwambia mama."

Hapo gari lenye pilipili za bluu likakata kona na kuziba njia ya kutokea. Doña Socorro akashuka, mkononi ana mwiko. Rigo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niitie tu polisi, Doña, yaishe."

"Polisi watakuweka ndani, kwenye kivuli," akasema mama. "Mimi nakutaka juani."

Na ndiko aliko hadi leo, njia panda, kavishwa vazi la taco, anazungusha bango la matangazo mpaka zipatikane pesa za kuchapa pilipili mpya, zilizovalishwa plastiki. Siku ya kwanza pua ilimwiva ikang'aa.

"Doña, nihurumie, nipe hata mafuta kidogo ya jua."

Mama akaingia garini, akatoka na chupa anayoijua Rigo.

"Jipake, mwanangu. Nazi haipauki."