Kabichi za Baba Narim

Jumatatu, 10 Novemba
Balaa! Bi Noh wa kituo cha watoto kapiga simu. Alhamisi anakuja kuona nyumba, na anakuja na Narim mwenyewe. Narim wetu, wa miaka minne, ambaye tunaomba kumlea tangu mwaka juzi! Tatizo: kwenye mahojiano nilijigamba tuna bustani ya mboga. Uani kuna magugu na ndoo iliyotoboka. Mke wangu Okhui kasema nikiri mapema, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu sina safari ndefu.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelima! Kiuno hakina mwenyewe. Jirani, Baba Sangu, kachungulia ukutani kuniuliza nazika nini. Kabichi, nikasema. Kacheka hadi akakohoa: wenzio wanavuna za kimchi, ile achari ya kuliwa majira ya baridi, wewe ndiyo kwanza unapanda? Roho imeniuma. Mtaa huu kila mtu ni Baba Fulani, Mama Fulani. Mimi ni yule wa geti la bluu.

Jumatano, 12 Novemba
Nimeagiza kabichi kubwa sokoni, nizichomeke ardhini. Akili! Ila kwenye simu nilisema "za kimchi". Siku hizi ukisema hivyo unaletewa zilizokwisha kulowekwa chumvi. Zimekuja zimepasuliwa nusu nusu, zimelegea, zinachuruzika. Nimezifunga mbili mbili kwa uzi, nikaziegemeza kwenye vijiti vya kulia chakula. Kwa mbali zinapendeza. Kwa mbali sana.

Alhamisi, 13 Novemba
Bi Noh alisifu bustani. Nikavimba kichwa. Mara Narim akachuchumaa, akanyofoa jani, akatafuna.
"Ina chumvi," akasema.
Bi Noh naye akaonja. Nikaeleza kwamba ni upepo wa bahari. Bahari iko mbali, hata kwa gari. Kule ukutani Baba Sangu akaanza kukohoa. Okhui akainamisha uso. Nikajua mtoto ameniponyoka, na sababu ni mdomo wangu. Nikasema yote: simu, uzi, vijiti. Nililia mbele za watu, sioni haya kuandika.
Narim akanyofoa jani jingine. "Wali uko wapi?"
Okhui akapakua. Mtoto akala bakuli mbili, kila tonge na jani lake. Bi Noh alimtazama muda mrefu, kisha akatuambia taratibu kwamba kule kituoni huyu hulishwa kwa kubembelezwa.

Jumamosi, 15 Novemba
Wamekubali! Mwezi ujao Narim anahamia kwetu, kwanza kwa majaribio. Baba Sangu kaniita kutoka ukutani: "Baba Narim! Kabichi zimekolea?" Nikajifanya sijasikia, ili arudie. Karudia.
Okhui kaniapisha: uongo basi. Nikaapa kwa moyo wote.
Jioni Narim kaongea nasi kwenye simu. Kauliza kama akija atakuta stroberi bustanini. Mwezi ujao! Theluji itakuwa imefika magotini!
Nikamwambia atazikuta tele, atachuma mwenyewe.
Uzi wa kijani uko kwenye kikapu cha Okhui cha kushonea. Kesho akienda kwa dada yake, nautwaa.