Picha Arobaini na Moja za Dada

Jumatatu, 4 Machi
Kamera imeingia mikononi! Ya chuma, nzito kama tofali, kiumri inanizidi. Nimebadilishana na fundi saa, redio yangu kwa kamera yake. Lenzi unaizungusha kwa mkono mpaka sura iwe wazi. Fundi kanisihi niijaribu kwanza kwa filamu moja, nitazame kama kifundo cha kushoto kinazunguka kila ninapovuta filamu. Nikamjibu hayo nayajua. Filamu ninayo moja tu, na ina mwenyewe: Dada.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sasa figo zimemchoka. Picha ya maana hana hata moja. Yangu itatundikwa sebuleni vizazi na vizazi! Mdogo wangu Mjuaji, na simu yake ya macho matatu, atakoma.

Jumanne, 5 Machi
Majaribio. Bila filamu, maana akili ni mali. Nimebonyeza kasi zote, kacha, kacha, inaitika vizuri. Nikamlenga jirani akianika nguo. Kanifokea. Nikamwapia kuwa ndani hamna kitu. Ndipo hasa akaniona nimepungukiwa.

Jumatano, 6 Machi
Mjuaji kanitangulia kwa Dada! Nimemkuta ameshainua simu. Nikajirusha katikati kama kipa. Nikasema picha ya simu haina heshima, na mgonjwa aachwe apumzike. Dada akamwambia Mjuaji aniachie, mimi ni kaka yake ingawa sikui. Simu ikarudi mfukoni. Ushindi!

Alhamisi, 7 Machi
Dada kavaa gauni la bluu. Wanja kajipaka mwenyewe. Kakaa dirishani saa nzima. Mimi nazungusha lenzi: anakolea, anafifia, anakolea.

"Bado tu?" akauliza. "Nicheke au ninune?"

Nikamwambia acheke. Akakumbuka nilivyokuwa namwibia sukari na kumsingizia paka. Akacheka mpaka akashika ubavu. Nikabonyeza, nikabonyeza. Filamu ya picha thelathini na sita imenipa arobaini na moja! Kamera ya baraka hii.

Alipochoka nikambeba hadi kitandani. Mwepesi. Sikuupenda wepesi ule.

Jumamosi, 9 Machi
Dada ametutoka asubuhi. Chai yake ilikuwa bado ina moto.

Jumapili, 10 Machi
Mazishi ni kesho jioni. Wameulizia picha ya kuweka mbele. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba ninazo arobaini na moja. Hata Mjuaji alinishika bega.

Jumatatu, 11 Machi
Asubuhi mbio kwa fundi saa. Akazungusha kile kifundo, kikazunguka bure. Akafungua mgongo wa kamera, akanionyesha. Filamu haikunasa tangu mwanzo. Imekaa palepale nilipoiweka, haikusogea hata hatua moja. Nilikuwa napiga hewa. Akaniuliza, taratibu, macho yangu yalikuwa wapi nilipokuwa navuta na kifundo hakizunguki.

Nikamwambia nilikuwa namtazama Dada.

Juu ya jeneza tumeweka picha ya kitambulisho. Ukubwa wa kidole gumba, na amenuna. Mjuaji hakunilaumu. Bora angenilaumu. Alinionyesha simu yake. Jumatano alikuwa amewahi kubonyeza mara moja. Picha nzima ni mgongo wangu. Pembeni, chini, vidole vitatu vya Dada juu ya shuka.

Nimelilia chooni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 23 Machi
Nimepata kamera nyingine! Kubwa zaidi. Kioo chake cha ndani kinakwama kidogo, si neno. Shangazi, ndiye mkubwa pekee tuliyebaki naye, leo kasuka nywele, akaomba apigwe picha. Mjuaji akatoa simu. Nikaifunika kwa kiganja. Nikamweleza Shangazi kwamba filamu itafika mwezi ujao. Akasema kwa umri wake mwezi ni safari ndefu.

Nikamjibu mstahimilivu hula mbivu.