Uzinduzi wa Kiraka cha Seva

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, makaimu wao na wanaowakaimia makaimu, madaktari na wauguzi wa hospitali jirani, watunzi wa programu mliobanana kule nyuma karibu na mlango, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye sikumtaja, ajue hakusahauliwa bali ameahirishwa. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo kifani kutangaza kwamba Mradi Jumuishi wa Viraka vya Usalama, ambao mimi binafsi, Mkurugenzi wenu, ndiye mwasisi, mlezi na msimamizi wake, umefikia utekelezaji wa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mtu anauliza, "Hiyo nne imetoka wapi?")

Kwa wasioelewa, seva ni lile sanduku linalonguruma katika chumba chetu cha chini, ambamo watunzi wetu wa programu huhifadhi kazi zao zote, ikiwamo ile programu inayowaambia wauguzi mgonjwa gani apewe dawa gani, na kiasi gani. Miezi mitano iliyopita fundi wetu, huyu mnayemwita Mama Nywila kwa jinsi anavyotubadilishia nywila kila tukizizoea, aliingia ofisini kwangu akasema, hata kukaa hajakaa, "Bosi, seva ina tundu la kuingilia wezi. Kiraka cha kuliziba kimeshatoka. Niruhusu niizime dakika ishirini tu nikiweke."

Dakika ishirini! Ndugu zangu, taasisi yenye hadhi haiendeshwi kwa dakika ishirini. Nikamwelekeza aandae andiko dhana, rodimapu, na fremuweki ya kuwashirikisha mastekholda, nami nikasafiri siku kumi na moja kujifunza viraka vya wenzetu, nikifuatana na mtaalamu mshauri, shemeji yangu, ambaye ni fundi cherehani wa miaka mingi. (Kicheko. Mwenyekiti anakohoa.)

Ni kweli, wala sifichi, maana mimi ni muwazi, kwamba Jumanne moja asubuhi watu wasiojulikana walipenya kwenye tundu hilo wakaanza kuchezea vipimo vya dawa. Mimi nikiwa kwenye warsha ya kuchagua rangi ya nembo ya mradi, Mama Nywila aling'oa waya wa seva kwa mkono wake, akatimua mbio mpaka hospitali, akawapigia wauguzi kelele, "Msiamini kioo cha kompyuta! Rudini kwenye mafaili!" Muuguzi mmoja, yule pale, alikuwa tayari ameshika sindano yenye dozi mara kumi ya ile aliyoandikiwa mtoto wa kitanda cha nne.

Mtoto ni mzima. Kwa hiyo naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba chini ya uongozi wangu hakufa mtu, mafanikio ambayo taasisi nyingi hazijayaweka hata kwenye mpango mkakati. (Muuguzi anasimama: "Mwache Mama Nywila aseme!")

Atasema, dada yangu, atasema kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wake wa kazi, ambaye ni mimi. (Zomeazomea.) Tena ana mengi ya kujieleza, kwa sababu siku hiyohiyo, bila kibali, bila kikao hata kimoja, alikiweka kiraka hicho na kuiwasha seva kabla ya chakula cha mchana! (Makofi marefu, vigelegele. Msemaji anainua mkono kuyapokea.)

Asanteni, asanteni, najua mnanipenda. Sasa tuitikie pamoja: Kiraka kidumu! ("Mama Nywila adumu!") Mkurugenzi adumu! (Kiti kinaburuzwa.)

Nikihitimisha, nawashukuru wajumbe wa kamati ya mradi kwa kujitoa mhanga. Majina yao nitayatangaza mara nitakapowateua. Namshukuru mfadhili, ambaye tungali tunamtafuta. Na nawashukuru nyinyi nyote mliokuja kuuzindua mradi huu, ambao, Mwenyekiti akiniazima kalamu, nitaanza kuuandika leo.