Mkimya Mpya wa Gerji

Jumatatu, 4 Hidar

Balaa! Ato Demissew, mkuu wetu wa idara ya bima, katangaza kwamba wakimya wanaojituma wenyewe watabaki kufanyia kazi nyumbani. Waropokaji warudi ofisini akawachunge. Nikampigia kumweleza jinsi nilivyo mkimya. Nilieleza mpaka simu yake ikaisha chaji.

Tsigereda, mwenzangu wa dawati la madai, alipoambiwa habari hiyo alijibu neno moja: “Sawa.” Basi! Kujipendekeza huko.

Jumanne, 5 Hidar

Nimeanza ukimya. Nikafunga mlango, nikafungua faili. Harufu ya kahawa ikapenya dirishani. Bibi jirani yangu wa hapa mtaani Gerji, Etete Zenebech, akagonga, akauliza nimekufa au nimepata cheo. Nikasema kikombe kimoja tu. Lakini nani huinuka kabla ya kikombe cha tatu, chenye baraka? Mimi si mpagani. Nimerudi jua limezama.

Nikampigia Tsigereda kumpeleleza. Kumbe kazi ikiisha huzima kompyuta, akacheza na wanawe. Mvivu!

Jumatano, 6 Hidar

Kesho mchana Ato Demissew anatuhutubia mtandaoni, kisha ataje majina ya wanaobaki. Kesho hiyohiyo Etete anabatiza mjukuu. Nisiende? Nitasimangwa mpaka Pasaka.

Nimepata akili! Nimeandika ujumbe, nikautega ujitume wenyewe saa nane, hotuba ikiisha: nimemsikiliza mwanzo hadi mwisho, machozi yamenitoka, ule mfano wake wa mwisho nitauhadithia wajukuu. Nikabonyeza nane. Nikalala usingizi wa pono.

Alhamisi, 7 Hidar

Kompyuta ya kizungu hii! Inaanza kuhesabu saa usiku wa manane, si alfajiri kama watu. Nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Machozi yangu yamemfikia Ato Demissew akipiga mswaki!

Akapiga simu. Mimi niko kwa Etete, vigelegele nyuma yangu. Akauliza kwa upole ni mfano gani ulioniliza, maana hotuba alikuwa hajaiandika. Akasema, hongera bwana mkimya, Jumatatu kiti chako kitakuwa mbele ya mlango wangu. Nimeona aibu kubwa. Hata mchuzi wa kuku ulinishinda, nikala sahani mbili tu.

Jumatatu, 11 Hidar

Ofisini. Tsigereda kabaki nyumbani. Roho inaniuma.

Lakini nimeshapanga. Keshokutwa naanza kikohozi cha kuambukiza, wenyewe watanisihi nikae nyumbani. Safari hii ni siri nzito. Nimemdokeza dada wa mapokezi tu, na wale tuliokula nao mkate wa injera mchana sinia moja. Nilikuwa nawaonyesha jinsi nitakavyokohoa, Ato Demissew, aliyekaa upande wa pili wa sinia, akanitia tonge kubwa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kabla sijameza akanitia jingine.

Heshima iliyoje! Kwetu tonge la mkono hulishwa mpendwa. Keshanipenda.