Malalamiko Juu ya Treni Inayoitwa "Anakuja"

Kwa Mzee Jairus, Mwenyekiti wa Umoja wa Wanaume, kanisani kwetu, Minneapolis.

Mzee wangu mpendwa,

Pokea salamu za amani, ingawa sidhani unazistahili zote. Mimi ni Perpétue, Mama Mugisho, wa Columbia Heights. Mume wangu ni Kasika, yule uliyempakia kwenye gari lako Jumamosi moja ukamwonyesha treni ya zamani ya moshi, na tangu hapo hujanirudishia mtu niliyekuazima. Mimi sikusoma. Anayeshika kalamu ni jirani yangu Nkatha, naye amenishauri niweke "kwa heshima na taadhima". Haya, nimeiweka. Sasa nisikilize.

1. Kiswahili. Tangu nizaliwe, treni inakuja, mtu anakuja. Mwezi wa tisa nilikuwa napika sombe, yale majani ya muhogo, nikamsikia mume wangu kwenye simu na wewe: "Anakuja saa nne? Nitamngoja darajani. Miaka themanini, na bado anapendeza hivyo!" Nilizima jiko. Nilimnunia siku tatu, ndipo akaniuliza nina nini, nami nikamuuliza ni nani huyo. Akasema ni kichwa cha treni! Eti wazungu wenu wa kamera wanamwita "she", kama mwanamke, naye ameona ni adabu kuwafuata. Lakini siku hizo tatu Mama Dinah na wamama wa maombi, niliowalilia, walikuwa wamefunga, bila chakula wala maji, ili Mungu amwondoe huyo mwanamke. Wamama kumi na mmoja, Mzee Jairus, wamelala njaa kwa sababu ya chuma cha tani mia mbili. Uwaombe radhi mmoja mmoja, na treni irudishiwe "inakuja" yake.

2. Moshi. Koti lake linanuka makaa ya mawe na amenikataza kulifua, eti harufu ni nzuri. Mimi nimepika kwa makaa miaka arobaini, Bukavu na kambini, nikilia kila siku bila msiba. Hakuna mzee hata mmoja aliyesimama kwenye daraja kunipiga picha.

3. Picha zenyewe. Kwenye simu yake treni ina picha elfu moja na mia. Mimi nina mbili. Ya kwanza nimembebea mfuko wa kamera. Ya pili ni ya nusu yangu, nusu nyingine imo ndani ya mvuke.

4. Hana hata kisingizio. Angekuwa mtu wa Kalemie, kwenye reli, ningesema anakumbuka kwao. Bukavu haina reli! Kasika alikuwa fundi viatu. Treni ya moshi ameiona mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na moja, hapa, kwenye baridi, tena ilichelewa.

5. Anaongea. Hili ndilo linaloniumiza kichwa. Misimu minne mizima ya baridi mume wangu alikaa kwenye kiti cha dirishani. Asubuhi alisema "umeamka", jioni alisema "haya", basi. Daktari akampa vidonge, kiti hakikumwachia. Nilikuwa nimeshazoea utulivu wangu. Sasa anamweleza mleta barua jinsi maji yanavyogeuka nguvu, kwa Kiingereza, na mikono. Anacheka peke yake bafuni. Juzi amenichezesha jikoni akilia "puu, puu", na mguu wangu unajulikana ulivyo. Nani alikuruhusu kumfungua mdomo bila kuniuliza?

6. Tarehe kumi na nane Oktoba. Tulioana kwa ng'ombe wanane, na mchungaji hakufika kwa sababu ya barabara. Miaka hamsini nimengoja baraka ya kanisa. Imepangwa Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi. Ndipo ukatangaza safari ya mwisho ya treni kabla ya theluji: Jumamosi hiyo, saa nne hiyo! Ningependa kukuambia Kasika aligomba. Hakugomba. Alisema "haya". Akaenda akakaa dirishani, akaifunika simu kwa kofia yake.

Kwa hiyo nadai: treni hiyo isubiri hadi tumalize kula. Ikikataa, ipite mbele ya kanisa, polepole, na isipige honi wakati wa maombi. Ikikataa na hilo, ipelekwe Wisconsin ikasumbue wake wa huko. Na wewe ujiuzulu uenyekiti, ila ngoma za sherehe ulizoahidi kuleta ulete.

Msalimu sana mkeo Mama Susan, na binti yenu Lynette, mwambie nywele alizosuka zimempendeza. Nkatha anawasalimu, ameacha kucheka sasa.

Ni mimi niliyekasirika, lakini chakula chako kipo ukipita,

Perpétue, Mama Mugisho

N.B. Barua hii imelala kwangu siku mbili. Jana nilimwendea mchungaji, nikamwambia goti langu limevimba, sitaweza kusimama mbele ya madhabahu tarehe kumi na nane. Amesogeza baraka wiki moja. Goti halina neno. Usimwambie Kasika, mwache amshukuru Mungu. Na Jumamosi hiyo ya treni mtupitie mapema na gari. Mimi nakaa kiti cha mbele, nyuma huwa natapika.