Kuhusu Kifyonza Vumbi Ulichotushauri na Manyoya ya Aktosh

Kwa Mhariri wa ukurasa wa "Nyumba Safi",
Gazeti la Jumamosi, Bishkek.

Naryn, Alhamisi, 14 Machi

Ndugu Mhariri,

Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, umeketi katika chumba kisicho na zulia, mbwa wala bibi, maana ni katika chumba cha namna hiyo tu ambamo makala yako ya wiki tatu zilizopita ingeweza kuandikwa. Naizungumzia ile iliyoeleza jinsi ya kuchagua kifyonza vumbi kwa nyumba yenye mnyama anayepukutisha manyoya. Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, mezani, mbele ya familia nzima, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kaka yangu Melis alikwenda Korea kufanya kazi mwezi wa Novemba, akatuachia mbwa wake wa kuwindia, Aktosh, wa ile mbegu yetu ya taigani. Wazee wa hapa husema taigani hahesabiwi miongoni mwa mbwa, na kwa kauli hiyo ameruhusiwa kuishi nasi ghorofa ya tatu, ambako hadi leo amewinda soksi mbili. Tangu mwisho wa Februari anapukutika. Jumapili hii wakwe watarajiwa wa dada yangu Perizat wanakuja kumvisha hereni za uchumba, na mgeni wa hereni hukagua vitu vitatu: kikombe, mkate na zulia. Mama ametoa hukumu. Unyoya mmoja ukionekana kwenye koti la mgeni, Aktosh atapelekwa kwa mjomba kule At-Bashy, akalinde kondoo pamoja na majibwa yenye shingo kama magogo, ambayo yatakuwa yamemmaliza kabla majani hayajaota. "Kaka yako akipiga simu," aliniambia, "utamweleza wewe, maana wewe ndiye mwenye maneno."

Niweke wazi kwamba binafsi sina hisia zozote kwa mbwa huyo. Mimi nina shahada ya falsafa, daraja la kwanza, na ninachokitetea ni kanuni: tatizo ambalo chanzo chake kinajulikana haliwezi kukosa ufumbuzi. Nilisimama nikayasema hayo, nikaiweka shahada yangu rehani kwa ajili ya makala yako. Baba, ambaye mgongo humuuma kiasi cha kukubali lolote ilimradi asiinuke, alikubali. Mashine ikanunuliwa. Niruhusu sasa niorodheshe malalamiko yangu.

1. Nguvu ya kufyonza. Uliandika kwamba mwenye mnyama asitazame rangi wala umbo, atazame nguvu. Nilitazama nguvu. Dakika tano tu, chombo cha plastiki kikajaa manyoya pomoni. Nikakibeba kama mtu aliyeshinda kombe, nikakitua mezani, nikatoa maelezo mafupi kuhusu maendeleo ya mwanadamu tangu zama za ufagio. Bibi Sairakan, mama yake baba, akavaa miwani, akatia vidole ndani, akatoa fundo moja na kuliinua kwenye mwanga wa dirisha. "Ularbek, mjukuu wangu msomi," akauliza, "mbwa huyu ameanza lini kuota manyoya mekundu?"

Ndugu Mhariri, lilikuwa shirdaki. Zulia hilo la sufu iliyoshindiliwa bibi alilishona mwenyewe alipokuwa mwari. Kwa miaka sitini limekaliwa na wageni, watoto wachanga na mwanakondoo mmoja mgonjwa, na katika mapambo yake ya pembe za kondoo dume haikupotea hata pembe moja. Mashine yako imekula mbili na nusu. Wewe uliandika kuhusu nyumba yenye mnyama juu ya sakafu. Hukuwaza nyumba ambayo sakafu yenyewe ni mnyama.

2. Ukimya. Uliisifu mashine isiyo na kelele, ukasema mnyama hataiogopa. Ni kweli. Aktosh hakuiogopa, aliilalia, kwa sababu ina joto. Ila katika ua wetu usafi ni jambo la hadhara. Theluji kavu ikianguka, akina mama hushusha mazulia, huyalaza kifudifudi juu ya theluji na kuyacharaza kwa fimbo, kisha huyainua, na lile doa jeusi la vumbi linalobaki ndicho cheti cha nyumba. Bi Anarkul wa ghorofa ya chini hupita kutoka doa hadi doa akisoma, kama mkaguzi wa shule. Mwaka huu mimi, kwa kukutegemea wewe, niliwakataza watu wangu kushusha hata mkeka. Basi wiki tatu theluji ya mbele ya mlango wetu imebaki nyeupe. Juzi Bi Anarkul alimsimamisha mama ngazini na kumuuliza, kwa upole wake ule wenye mwiba, "Mwenzangu, kwenu mnaumwa?" Mama akamjibu kwamba siku hizi tuna mashine. "Basi mbona haisikiki?"

Nimetafuta hoja ya kumpinga mwanamke huyo katika vitabu vinne na sijaipata. Usafi usioonekana wala kusikika unatofautianaje na uchafu?

3. Kichujio. Ulisema kichujio bora hunasa hata chembe isiyoonekana kwa macho. Ya kazi gani? Kisichoonekana hakijawahi kumkosesha dada yangu mume.

4. Brashi. Uliagiza ipitishwe kila mahali ambapo mnyama hujisugua. Aktosh hujisugua kwenye zulia kubwa la sebuleni, na zulia kubwa la sebuleni, kama lilivyo katika kila nyumba ya watu wenye heshima, liko ukutani. Nilipanda kiti. Nikaipitisha. Brashi yako "isiyosokota nywele" ikazisokota nyuzi za pindo hadi mashine nzima ikanasa ukutani, juu ya kochi, upande wa picha ya babu. Tulikula chakula cha mchana chini yake, kwa sababu fundi umeme hapatikani kabla ya saa tisa na nyama ilikuwa imekwisha kuiva. Baba alisema angalau sasa imetulia.

5. Chombo cha taka. Hapa ndipo ninapokosa adabu ya kuandika. Tangu Januari Bibi Sairakan amekuwa akimchana Aktosh kila asubuhi na kuyaweka manyoya yake safi ndani ya kikapu kando ya kigoda chake. Huyasokota pamoja na sufu ya kondoo, afume mkanda wa kumfunga baba mgongoni, kwani joto la manyoya ya mbwa kwa mgongo mbovu linajulikana kwa kila mtu isipokuwa wewe. Jumatatu nilipitisha mashine kando ya kigoda. Kazi ya miezi miwili ilimezwa kabla sijamaliza kugeuka. Wewe uliandika, nanukuu, "mwaga yaliyomo bila kuyagusa." Nilimwaga bila kuyagusa, kwenye pipa la ua, ambako jirani aliyamwagia majivu.

Mkanda wa baba umeishia nusu. Unazunguka tumbo, ambalo halimuumi, na haufiki mgongoni. Bibi hajanisemesha tangu siku hiyo. Husema na mbwa, habari zangu, mbele yangu. "Aktosh, mwambie huyo mwenye shahada kwamba chai inapoa."

Ndugu Mhariri, tuifuate hoja hadi mwisho wake. Ili pasiwe na manyoya, lazima kiondolewe kimojawapo kati ya vitatu: mbwa, mazulia au wageni. Tukiondoa wageni, Perizat hataolewa. Tukiondoa mazulia, ataolewa nani kutoka nyumba tupu? Na mbwa, nimekwisha kusema, ni suala la kanuni. Kinachobaki kuondolewa ni makala yako. Nataka uitangue Jumamosi hii, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa. Ikishindikana, uje mwenyewe Jumapili saa nne asubuhi, usimame mlangoni kwetu, upokee makoti ya wageni na kuwajibika kwa kila unyoya.

Nisalimie nyumbani kwako. Wasalimie pia wapanga kurasa, mlinzi wa lango, na yeyote ofisini kwenu aliyewahi kufuga hata paka, na umuulize kwa nini alinyamaza.

Wako katika mantiki,
Ularbek Choyunbaev
(Shahada ya Falsafa, daraja la kwanza)

Nyongeza, Jumatatu asubuhi. Barua hii haikutumwa Ijumaa kwa kuwa theluji kavu ilianguka, nami nikashushwa uani na mazulia manne na fimbo, kwa amri ya mama. Doa letu lilikuwa jeusi kuliko yote. Bi Anarkul alilizunguka mara mbili, akaenda kusoma la jirani.

Jumapili wageni walikuja. Aktosh alifungiwa chumbani kwangu. Kila kitu kilikwenda salama hadi Bi Totugul, mama mkwe mtarajiwa, alipoinama kumvisha Perizat hereni: mgongo ukamkaba palepale, amejikunja, hereni mkononi. Baba alimtambua mwenzake. Akaufungua mkanda wake wa nusu, Bibi Sairakan akamfunga nao mgeni, ambaye ni mwembamba, ukamwenea kama aliopimiwa. Baada ya bakuli mbili za chai Bi Totugul alinyooka, akamtia Perizat hereni zote mbili, akauliza ni kondoo gani huyo mwenye sufu ya joto namna hii. Mama alinitazama mimi, mwenye maneno. Mimi nikamwongezea mgeni chai. Bibi akaenda akafungua mlango wa chumba changu. "Kondoo mwenyewe huyu hapa."

Aktosh alikwenda moja kwa moja akalaza kifua chake chote kwenye koti jeusi la mahameli la mgeni. Mama alifumba macho. Bi Totugul akayaokota manyoya kwenye koti lake, mojamoja, akayaweka kwenye kiganja cha bibi. "Usiyapoteze haya, mama. Nina dada wawili, na wote wana migongo."

Kwa hiyo mbwa habanduki, kwa amri ya mama yuleyule, na bibi ameagizwa mikanda minne ilhali msimu wa kupukutika unakaribia kwisha. Tafadhali puuza hoja ya kwanza hadi ya tano. Badala yake, katika makala yako ijayo, tueleze ni chakula gani kinachomfanya mbwa apukutike zaidi. Mashine ipo kwenye ujia, imezimwa, na inamfaa Aktosh sana kama mto.

Unyoya utakaoukuta umenata chini ya stempu si tusi. Alikuwa amelala juu ya mkono wangu. Ukimaliza kusoma, naomba uurudishe.